Sikiliza Kitenzi cha Swali: Kupatia Njeo Katika Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza

Mpe mwanafunzi zoezi la kujaza nafasi kwenye karatasi, atakuandikia went, has seen na will be bila kukosea. Mkalishe sasa mbele ya mtahini, aulizwe "What did you do last weekend?", naye atajibu: "I visited my friend, then we sit and we are watching a film." Kitenzi cha kwanza kimepona, viwili vilivyofuata vimeharibika. Nimewaandaa watu wa kutosha kwa mitihani hii kuona kwamba makosa haya hayaji ovyo. Yanatoka ndani ya Kiswahili chetu, kwenye -na-, -me-, -ka- na -nge-, viambishi ambavyo tumevitumia tangu utotoni bila kuvifikiria. Kwa hiyo yanatabirika, na kosa linalotabirika unaweza kulifanyia kazi kabla ya siku yenyewe.

Mifano mingi hapa nimeipanga kwa kufuata IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa kuwa ndio mtihani ninaoulizwa zaidi. Sehemu yake ya kuzungumza ina vipande vitatu na huchukua dakika 11 hadi 14. Mtahini hupima mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwenye sarufi anaangalia usahihi na pia upana, maana yake hata asiyekosea kabisa, lakini anayeongea kwa njeo moja tu (njeo ni umbo la kitenzi linaloonyesha wakati) mwanzo hadi mwisho, hafiki mbali. Kama unafanya mtihani mwingine wa mazungumzo, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Kamata neno linalobeba wakati wa swali

Katika Kiingereza neno hilo huja mwanzoni kabisa mwa swali, au mara tu baada ya what, where, how na wenzao. Ni dogo, hutamkwa haraka na mara nyingi humezwa: "Did you" husikika kama "didju". Sikio la Mswahili limezoea kukuta wakati ndani ya kitenzi chenyewe: u-li-soma, u-na-soma, u-ta-soma. Basi linangoja read, na did inapita bila kusikika. Tatizo ni kwamba read hiyo, ikija peke yake, haisemi chochote kuhusu wakati.

Zoeza sikio lako kushika maneno haya:

- Do, does: mazoea au hali ya kudumu. "Do you read a lot?" – "I read almost every night."
- Did: jambo lililokwisha. "Did you read much as a child?" – "Not really. I preferred drawing."
- Are you pamoja na -ing: sasa, au kipindi hiki. "Are you reading anything at the moment?" – "I'm reading a history of aviation."
- Have you: kuanzia zamani hadi leo. "Have you ever written a story?" – "I have, but I've never shown it to anyone."
- Would: jambo la kufikirika. "Would you like to work abroad?" – "I'd love to."
- Will, going to: yajayo.

Mbinu moja inayosaidia sana kwenye mazoezi: jibu kwanza kwa kurudisha kisaidizi kilekile, yaani lile neno dogo lililobeba wakati wa swali. "Yes, I do." "No, I didn't." "Yes, I have." Ni sekunde moja tu, lakini ulimi unakuwa umeshashika njeo kabla sentensi ndefu haijaanza. Usiifanye kwa kila swali siku ya mtihani, utasikika kama unasoma. Ni ya kuzoeza sikio.

Hapa huwa naulizwa: je, jibu lote lifuate njeo ya swali? Hapana, na ukidhani hivyo unajinyima alama. Swali linakupa mahali pa kuanzia tu. Ukiulizwa "Do you enjoy reading?", unaweza kusema: "I do now. When I was at school I hated it, but then a friend lent me a detective novel, and since then I've read dozens." Umeanza leo, ukarudi zamani, ukatoka huko hadi leo, na kila hatua imesemwa kwa njeo yake. Huo ndio upana anaoutafuta mtahini.

"Have you ever…" nayo ina mtego wake. Ukijibu "Yes, I have" uko sahihi, lakini ukianza kueleza ilikuwa lini, have lazima iachwe: "Yes, I have. I went there two years ago." Wengi wanaendelea na "I have gone there two years ago", kwa sababu swali lilianza na have na wanaogopa kuiacha.

Hatua ya 2: Kagua kiambishi kabla hakijageuka Kiingereza

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapa.

Anza na -na-. Kwetu sisi "ninafanya kazi" inabeba mambo matatu ambayo Mwingereza anayatenganisha. "I work as a nurse" ni kazi yangu. "I'm working on a report" ni ninachofanya sasa. "I've been working here for three years" ni kazi iliyoanza zamani na bado inaendelea. Msemaji anayetafsiri -na- moja kwa moja huishia kusema "I am" na -ing kila mahali: "I am living with my parents, I am going to the gym every day, I am liking music."

Kipimo ni hiki. Badilisha -na- iwe hu-, au "huwa". Kama maana haijabadilika ("huwa naenda mazoezini kila siku"), tumia umbo la kawaida: "I go". Kama unaweza kuongeza "sasa hivi" au "siku hizi tu", hapo ndipo -ing. Kama kuna "tangu", au muda uliotoka zamani ukafika leo, tafuta have: "Ninaishi hapa tangu 2019" ni "I've lived here since 2019". Kisha kuna vitenzi vya akili na moyo, kama know, like, want, believe na understand, ambavyo kwa kawaida havipendi -ing. "Ninajua" ni "I know", basi.

-me- inadanganya kwa namna mbili. Kwanza, mara nyingi inaeleza hali iliyopo na si tendo lililokwisha: nimechoka ni "I'm tired", amesimama ni "he's standing", amevaa ni "she's wearing". Hili linauma hasa kwenye mitihani yenye picha, kama B2 First ya Cambridge, ambako mtahiniwa hupewa picha azilinganishe. Mtu anaona wanaume wawili wamekaa, anasema "Two men have sat". Sema unachokiona: "Two men are sitting."

Pili, Kiswahili cha kila siku kinaruhusu "nimefika jana". Hakuna atakayekushangaa. Kiingereza hakikubali kabisa. Ukishataja yesterday, last year, in 2020, when I was a child, au chochote chenye ago, have haina nafasi tena: "I arrived yesterday."

-ka- ndiyo mama wa makosa yote kwenye masimulizi, na sijui kwa nini inazungumzwa kidogo hivyo. Tunasema: "Nilienda kwake, nikamkuta, tukazungumza, nikarudi." Zamani imetajwa mara moja tu, kwenye -li-. Baada ya hapo -ka- inaongoza msafara na hakuna anayesahau kwamba bado tuko zamani. Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kila kitenzi kinabeba mzigo wake mwenyewe: "I went to his place, found him there, we talked, and I came back." Mswahili anayesema "I went, then I find him, then we talk" ameitafsiri -ka- kwa neno then, akadhani then imebeba zamani. Haikubeba. Kila unaposikia mdomo wako ukisema then, and, au so katikati ya hadithi, hapo ndipo pa kuwa macho.

-nge- hukaa pande zote mbili za sentensi: "Ningekuwa na muda, ningejifunza piano." Kwa hiyo tunaweka would pande zote mbili, "If I would have time, I would learn the piano." Kiingereza huiweka would upande mmoja tu. Upande wa if huchukua umbo la zamani, ingawa maana yake si zamani: "If I had time, I would learn the piano."

Ndugu yake ni -takapo-. "Nitakapomaliza masomo" ina -ta- ndani, nasi tunaileta hadi "When I will finish my studies". Baada ya when, if, after, until na as soon as, unapozungumzia yajayo kwa namna hii, will haikai: "When I finish my studies, I'll look for a job."

Kiswahili nacho kuna mahali kinatusaidia. Angalia "sikuenda". Wakati umekaa kwenye -ku-, na enda imebaki ilivyo. "I didn't go" imejengwa vivyo hivyo: did imebeba zamani, go imebaki ilivyo. Ukishaona ulinganifu huo, "I didn't went" itakukera sikioni kama vile mtu amesema "sikunilienda".

Hatua ya 3: Dakika moja ya kadi

Katika kipande cha pili cha IELTS unapewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, karatasi na penseli. Kisha unazungumza dakika moja hadi mbili bila kukatizwa. Wengi hutumia ile dakika kuandika nomino: aunt, sewing, Saturday. Nomino hazitakusaidia, maana hutasahau kwamba unamzungumzia shangazi. Andika vitenzi, tena vikiwa tayari kwenye umbo utakalotumia: taught, gave, broke. Pembeni ya kila kipengele weka herufi: Z kwa zamani, S kwa sasa, ZS kwa jambo lililotoka zamani likafika leo.

Tuseme kadi inakutaka umweleze mtu aliyekufundisha jambo lenye manufaa: ni nani, alikufundisha nini, ulijifunzaje, na kwa nini limekufaa. Herufi zake ni S, Z, Z, ZS. Hizo nne pekee ndizo ramani ya jibu lako. Kama mtu huyo ameshafariki, ile S ya kwanza inageuka Z: "She was a tailor."

Sasa tazama jibu la aina ninayoisikia mara kwa mara:

"I want to talk about my aunt. She is a tailor. When I was fifteen, she teach me how to sew. Every Saturday I was going to her house, and she give me a piece of cloth and I am trying to follow the line. The first time, I break two needles. She didn't got angry. Now I am sewing my own clothes since five years."

Sentensi mbili za mwanzo ni safi, ziache. Wapo ambao wakishaambiwa "simulia zamani" wanaburuta kila kitu huko, hata shangazi aliye hai anakuwa "was a tailor", na msikilizaji anaanza kumpa pole.

"When I was fifteen" imefungua mlango wa zamani, kwa hiyo teach iwe taught. "I was going" imetoka kwenye "nilikuwa naenda", lakini aliyesema alimaanisha mazoea, kila Jumamosi. Mazoea ya zamani ni "I used to go", au kwa ufupi "I went". Was going ungeitumia kama ungekuwa njiani halafu jambo likatokea: "I was going to her house when it started to rain." Kisha give, am trying na break: hizo zote ni -ka- iliyojificha, akanipa, nikajaribu, nikavunja. Ziwe gave, tried, broke. "Didn't got" umeshajua dawa yake. Sentensi ya mwisho ina ZS, kwa hiyo have been, na kwa kuwa kilichotajwa ni urefu wa muda na si mahali ulipoanzia, tumia for badala ya since.

"I want to talk about my aunt. She's a tailor. When I was fifteen, she taught me how to sew. Every Saturday I used to go to her house, and she gave me a piece of cloth and I tried to follow the line. The first time, I broke two needles. She didn't get angry. I've been sewing my own clothes for five years now."

Hakuna neno gumu hata moja lililoongezwa. Ni hadithi ileile ya shangazi yuleyule, ila sasa msikilizaji anajua wakati wote yuko wapi.

Hatua ya 4: Maswali ya jumla

Kipande cha tatu huchukua dakika 4 hadi 5. Hapa huulizwi tena kuhusu wewe bali kuhusu watu na jamii, na maswali hupenda mambo matatu: kumebadilika nini, kutakuwaje, na ingekuwaje.

Kwa mabadiliko, jozi inayofanya kazi ni used to kwa zamani na have kwa badiliko lenyewe: "People used to learn a trade from their relatives. That has changed, and now many of them learn from videos."

Kwa yajayo, watu humwaga will kila sentensi, na jibu linasikika kama utabiri wa mtu mwenye uhakika wa kila kitu. Changanya: "Some jobs will probably disappear, but teachers might become even more important." Kwa ingekuwaje, rudi kwenye -nge- ya hatua ya pili.

Hatua ya 5: Njeo isikike

Unaweza kujua worked vizuri na bado mtahini asiisikie. Kinywa chetu kinapenda kila silabi iishie kwa irabu, kwa hiyo ama tunaongeza moja, "workedi", ama tunameza mwisho wote ikabaki "work". Ukimeza, mtahini amesikia wakati uliopo, na atahukumu alichosikia.

Ile -ed huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: want-ed, need-ed. Kwingine kote haiongezi. Walked ni silabi moja, mwishoni pana t nyepesi. Lived ni silabi moja, mwishoni pana d. Njia rahisi kwetu ni kuazima irabu ya neno linalofuata: "worked in" tamka kama "work-tin", "lived alone" kama "liv-dalone". Ulimi unapata irabu unayoitaka na -ed inasikika bila kulazimishwa. Fanya vivyo hivyo na ile -s ya "she works", ambayo nayo hupotea kirahisi: "she work-sin an office".

Hatua ya 6: Ukiteleza katikati

Jisahihishe mara moja, kwa kifupi, uendelee: "She teach… she taught me how to sew." Usiombe radhi, wala usirudie sentensi nzima. Kama umeshapita sentensi mbili mbele, liache. Ukirudi nyuma kila mara, mtiririko unakatika, na huo nao una alama zake. Hata bendi ya 7, kati ya 9 za alama za IELTS, haidai usafi kamili: inataka sentensi zisizo na kosa zije mara kwa mara, na inakubali kwamba makosa kadhaa bado yatakuwepo.

Hatua ya 7: Mazoezi ya wiki mbili

Chukua simu, jirekodi dakika mbili juu ya mada yoyote. Halafu sikiliza na uandike vitenzi tu, kwa mpangilio, kama ulivyovitamka, si kama ulivyotaka kuvitamka. Pembeni ya kila kilichoharibika andika kiambishi cha Kiswahili kilichokileta: -ka-, -me-, -na-. Baada ya rekodi tatu au nne utaona kiambishi kimoja kinajirudia kuliko vingine. Hicho ndicho chako. Kifanyie kazi hicho kwanza, vingine vitasubiri.

Siku zinazofuata, chukua mada moja na uizungushe kwenye nyakati nne bila kupumzika. Mathalani muziki: What music do you listen to? What did you listen to as a child? How have your tastes changed? What would you play if you could play any instrument? Mtu mwingine akuulize bila kufuata mpangilio, tena kwa kasi, akimeza did na do kama wanavyozimeza wenyewe. Mkiwa wawili hakuna haja ya kusahihishana kila neno. Anayeuliza apige meza kidogo kila anaposikia kitenzi kilichopotea, nawe ukitafute na kukirekebisha mwenyewe kabla hujaendelea.